Kujifunza Muziki wa Afrika Magharibi kwa Mwanamuziki wa Ulaya au Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hujitokeza kila mara mwanamuziki aliyelelewa katika muziki wa Ulaya au Marekani anapoamua kwenda kujifunza kora (ala ya nyuzi), balafoni (ala ya vibao vya mbao), djembe (ngoma ya kupigwa kwa mikono) au ngoma za Waewe wa Ghana kwa wenyewe. Majibu yanahusu zaidi Mali, Gine, Senegal, Gambia na Ghana. Nijeria imetajwa mahali pachache tu, kwa kuwa wingi wa muziki wake unahitaji maelezo ya peke yake.

Je, mtu asiyezaliwa katika ukoo wa wanamuziki anaruhusiwa kujifunza?

Anaruhusiwa, lakini kujifunza hakumfanyi kuwa mwenye kazi hiyo. Katika nchi za Wamande, yaani kuanzia Mali na Gine hadi Gambia na kusini mwa Senegal, kora na balafoni ni ala za majeli, ambao Ulaya wanajulikana zaidi kwa jina la Kifaransa la griot. Ujeli hurithiwa. Mtu wa ukoo wa Kouyaté, Diabaté, Sissoko au Jobarteh huzaliwa na wajibu wa kuhifadhi nasaba za watu, kusifu, kusuluhisha ugomvi na kusema hadharani yale ambayo muungwana haoni vyema kujisemea mwenyewe. Wakouyaté hujihesabu kuwa uzao wa Balla Fasséké, jeli wa Sundiata Keita aliyeasisi dola ya Mali katika karne ya 13, na balafoni inayoaminika kuwa ya enzi hizo ingali ikitunzwa katika kijiji cha Niagassola nchini Gine. Mwaka 2001 UNESCO iliitambua desturi inayoizunguka balafoni hiyo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Mgeni anapoketi mbele ya mwalimu wake na kuomba afundishwe wimbo mmoja, anaomba sehemu ya amana ya watu wengi waliokwisha kufa na wengine walio hai.

Hata hivyo mipaka hii imevukwa mara nyingi na wenyeji wenyewe. Salif Keita ni wa ukoo wa kifalme, ambao kwa desturi huimbiwa na hauimbi, na uamuzi wake wa kuwa mwimbaji ulileta mzozo nyumbani kwao. Ali Farka Touré, mpigaji gitaa wa Niafunké nchini Mali, hakuwa jeli. Waimbaji wa eneo la Wassoulou, kusini mwa Mali, ambao Oumou Sangaré ndiye mashuhuri zaidi kati yao, huimba kwa kipaji na hiari, si kwa kuzaliwa. Djembe nayo haikuwa mali ya majeli. Anayeipiga anaweza kuwa mkulima au mhunzi. Kwa hiyo anayetaka kupiga djembe hukutana na milango iliyo wazi zaidi kuliko anayetaka kora, jambo ambalo kwa sehemu linaeleza kwa nini djembe ndiyo iliyoenea mapema Ulaya: Mamady Keïta, mpigaji kutoka kijiji cha Balandugu nchini Gine, alifungua shule yake Brussels mwaka 1991.

Mgeni atakayekaa kwa muda hupewa jina la ukoo, aghalabu lile la mwenyeji wake. Wengi hulichukulia kama zawadi ya kupendeza na kulisahau wanapofika uwanja wa ndege, kumbe jina hilo ndilo linalomwambia kila mtu sokoni jinsi ya kuzungumza naye. Aliyeitwa Traoré atataniwa na kila Diarra atakayekutana naye kwa kuambiwa kuwa ni mla maharage, naye anatarajiwa kujibu kwa utani uleule. Utani huu wa koo hauna ubaya wowote, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana malezi.

Nchi ipi inafaa kuanzia?

Inategemea ala, lugha na usalama, na siku hizi usalama ndio unaotangulia. Bamako ilikuwa kwa muda mrefu kitovu cha wanafunzi wa kora, ngoni (ala ndogo ya nyuzi) na gitaa la Kimande. Mwaka 2012 makundi yenye silaha yaliyoteka kaskazini mwa Mali yalipiga marufuku muziki, na tamasha la jangwani, lililoanza 2001 na baadaye likawa likifanyika karibu na Timbuktu, halijarudi huko tangu mwaka huo. Nchi hiyo ilipata mapinduzi ya kijeshi mwaka 2020 na tena 2021. Walimu wengi wazuri wangali huko, lakini mwanafunzi asiye na mwenyeji anayemjua vizuri asianzie Mali kwa sasa.

Gambia inafaa kwa kora: ni nchi ndogo, Kiingereza kinatumika, na koo za majeli wa Kimandinka ziko karibu karibu. Senegal ina sabar, ngoma ya Wawolof inayopigwa kwa mkono mmoja na kijiti kimoja, ambayo dunia iliifahamu zaidi kupitia Doudou Ndiaye Rose aliyefariki mwaka 2015. Gine ndiyo shina la djembe, hasa eneo la Kouroussa na Siguiri, lakini mtu asiyejua Kifaransa atapata taabu mwanzoni. Ghana ina historia ndefu zaidi ya kupokea wanafunzi wa muziki kwa utaratibu wa chuo, kwa sababu Chuo Kikuu cha Ghana pale Legon kilijenga masomo hayo chini ya wasomi kama J. H. Kwabena Nketia.

Kifaransa au Kiingereza kitamsaidia mgeni kupata chumba na chakula. Lugha ya mwalimu, iwe Kibambara, Kimandinka, Kiwolof au Kiewe, ndiyo itakayomwezesha kuelewa nyimbo zinasema nini, na asipoelewa maneno atapata shida kujua kwa nini mpigaji alinyamaza hapa na kukazia pale.

Mwalimu anapatikanaje, na anapewa nini?

Kwa kutambulishwa. Mtu hujitokeza akiwa na mtu mwingine anayemjua mwalimu, husalimia kwa kirefu, hueleza ametoka wapi, kisha mtu huyo wa kati ndiye anayesema haja yake. Katika nchi za Wamande ni desturi kupeleka kokwa za kola, ambazo mwalimu atazigawa kwa wazee wa nyumba ili wote wajue kuwa mwanafunzi amepokewa. Kwa Waewe na makabila mengine ya kusini mwa Ghana hupelekwa kinywaji kikali, na sehemu yake humwagwa chini kwa ajili ya wahenga. Kitu hutolewa kwa mkono wa kulia. Zawadi hizi si ada, na mgeni anayedhani kwamba kola zimemaliza hesabu amekosea sana.

Ada yenyewe ijadiliwe waziwazi, mapema, na ikiwezekana mbele ya yule aliyewatambulisha. Wageni wengine huona haya kuzungumza pesa na mzee wanayemheshimu, kisha baada ya wiki chache lawama zinaanza pande zote mbili. Mwalimu anaishi kwa kazi hii. Mbali na ada kutakuwa na mahitaji ya nyumbani: mchango wa chakula kama mwanafunzi analala hapo, dawa za mtoto aliyeugua, sherehe ya kumpa mtoto jina. Kila ombi si lazima litimizwe, kwani hata wenyeji hukataa kwa adabu, lakini anayeyaona yote kuwa ni ulaghai hajaelewa nyumba aliyoingia. Mwanafunzi wa zamani wa jeli aliishi kwa mwalimu wake miaka mingi, akimlimia shamba na kumchotea maji. Kwa kiasi fulani, pesa za mgeni zimechukua nafasi ya jembe hilo.

Masomo yenyewe yanaendeshwaje?

Swali hili ndilo lenye mengi, kwa sababu hapa ndipo mazoea ya mwanamuziki wa Magharibi yanapogongana na njia ya mwalimu.

Tuanze na kora. Ina nyuzi 21, 11 za mkono wa kushoto na 10 za mkono wa kulia, zilizofungwa kwenye mti unaopenya nusu ya kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi ya ng'ombe. Hupigwa kwa vidole gumba viwili na vya shahada viwili tu. Mwalimu hupiga kumbengo, yaani fungu fupi linalozunguka bila kukoma ambalo ndilo msingi wa wimbo, na mwanafunzi hulirudia. Hulirudia leo, na kesho, na wiki ijayo. Mwalimu anaweza kuzungumza na wageni, kula, hata kuondoka chumbani, lakini kumbengo ikiyumba atasikia na kusahihisha kwa kupiga tena, bila maelezo. Birimintingo, yale mafungu ya kasi yanayobuniwa papo hapo na ambayo ndiyo yaliyomvuta mgeni alipomsikia Toumani Diabaté, mpigaji kora mashuhuri wa Mali, huja baadaye sana. Mwanafunzi anayeyakimbilia mapema atasikika kama mtu anayehutubia kwa lugha ambayo bado hawezi kuombea maji ya kunywa.

Swali la kwa nini humchosha mwalimu upesi. Ukimwuliza wimbo unaanzia pigo lipi, huenda akaupiga tena kuanzia mahali pengine kabisa, na kwake hilo ni jibu kamili, maana duara halina mlango mmoja. Kwa Waewe, kengele ya chuma iitwayo gankogui hupiga mapigo saba ndani ya mzunguko wa nafasi 12, na kila ngoma huingia kwa kuitegemea kengele hiyo na miguu ya wachezaji. Mgeni hutafuta pigo la kwanza kama alivyozoea kulitafuta kwenye karatasi ya nota, analiweka pasipo pake, na kuanzia hapo kila kitu anachosikia ni sahihi kwa masikio yake na kigeni kwa wenzake. Tiba inayofanya kazi ni kucheza. Anayekataa kujifunza hatua za miguu kwa kuwa yeye ni mpigaji tu, amekataa nusu ya somo.

Jambo lingine linawahusu hasa waliofunzwa kwa metronomu. Katika upigaji wa djembe wa Mali, nafasi kati ya pigo na pigo hazigawanywi sawasawa. Baadhi ni fupi, baadhi ni ndefu, na tofauti hiyo hudumu hata mwendo unapoongezeka. Mtafiti Mjerumani Rainer Polak, ambaye mwenyewe ni mpigaji, amepima rekodi na kuonyesha kwamba si ulegevu wala kubahatisha, bali ni muundo wenyewe. Mgeni anayenyoosha mapigo yale ili yalingane huwa anaharibu kitu ambacho wenyeji wanakisikia mara moja.

Kurekodi somo kwa simu kunakubalika kwa walimu wengi siku hizi, ila ruhusa iombwe kwanza.

Je, anayesoma nota ana nafuu?

Ana nafuu anapojikumbusha usiku peke yake. Darasani hana.

Mfano unaofaa ni wa mtunzi Mmarekani Steve Reich, ambaye mwaka 1970 alikwenda Ghana baada ya kusoma maandishi ya Ulaya kuhusu ngoma za Waewe. Alisoma kwa Gideon Alorwoyie, mpigaji mkuu Mwewe, akarekodi masomo na kuyaandika kwa nota, kisha malaria ikamkatizia safari akarudi nyumbani mapema kuliko alivyopanga. Kazi kubwa ya ngoma aliyoikamilisha mwaka 1971 haikuiga midundo ya Waewe kwa sauti, wala hakudai kuwa ni ya kwao. Alieleza kwamba safari ile ilimthibitishia njia aliyokwisha kuianza. Kwa maoni ya mwandishi, huo ni unyofu kuliko albamu nyingi zilizofuata ambazo zimepachika kora juu ya wimbo wa kawaida wa dansi na kuuita mkutano wa tamaduni.

Kwa nini mgeni hapewi ngoma kuu?

Kwa sababu ngoma kuu ina mamlaka. Katika kundi la djembe la Gine kuna ngoma tatu za chini, kenkeni, sangban na dununba, na mwanafunzi huanza na kenkeni, ambayo sehemu yake ni fupi na haibadiliki. Kwa Waewe huanza na kengele au na axatse, ile njuga ya kibuyu. Mpigaji mkuu huongoza wachezaji, hutangaza mabadiliko, humwita mtu aingie uwanjani, na katika ngoma nyingi hutamka maneno halisi ambayo wanaojua lugha huyaelewa. Mgeni aliyekariri mafungu hayo bila kujua yanasema nini anaweza kumkaribisha mzee uwanjani kisha akashindwa kumsindikiza, na aibu hiyo humwangukia mwalimu. Kushika kenkeni barabara kwa usiku mzima ni heshima ya kweli, na wapigaji wa huko humsifu anayeweza.

Wakati gani wa mwaka unafaa?

Miezi mikavu, Novemba hadi Februari au Machi, ndiyo yenye sherehe nyingi katika nchi za Sahel, kwa kuwa mavuno yamekwisha na watu wana nafasi ya kuoa na kuoza. Mjini Bamako Jumapili ndiyo siku kuu ya harusi, na anayetaka kusikia majeli wakiimba katika kazi yao halisi apitie mitaani siku hiyo. Mwezi wa Ramadhani ngoma hupungua sana katika maeneo ya Kiislamu, na mwanafunzi atapata mwalimu mwenye muda lakini hatapata sherehe. Accra ina utaratibu wa peke yake: Waga, ambao ndio wenyeji wa mji huo, hupiga marufuku ngoma na kelele kwa takriban mwezi mmoja, kwa kawaida kati ya Mei na Juni, kabla ya sikukuu yao ya Homowo. Aliyekata tiketi ya kwenda kusoma ngoma katika wiki hizo bila kuuliza atajilaumu mwenyewe.

Mwanamuziki mgeni afanye nini jeli anapomwimbia yeye?

Atoe pesa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu, kwa kuwa amewaona wanawake wakiinuka katika taarabu na kwenda kumtuza mwimbaji huku wakicheza. Tofauti ni kwamba jeli hutaja jina la mtu, la baba yake na la ukoo aliopewa, akieleza ukuu wa wahenga wa jina hilo, na anayesifiwa hutarajiwa kujibu kwa ukarimu unaolingana na sifa hizo. Noti ndogo ndogo zibadilishwe mapema. Mgeni naye akialikwa kupiga na watu wakamtuza, pesa hizo huwekwa mbele ya kiongozi wa kundi, naye ndiye anayezigawa.

Je, mwanamke anaweza kusoma kora au ngoma?

Anaweza. Kwa desturi wanawake wa koo za majeli ni waimbaji, na waimbaji wakuu kama Kandia Kouyaté wamekuwa na heshima na mapato kuliko wapigaji wengi wanaume. Kora iliachiwa wanaume. Sona Jobarteh, aliyezaliwa London katika ukoo wa Kigambia wenye wapigaji maarufu, amekuwa mwanamke wa kwanza wa ukoo wa jeli kujulikana kimataifa kwa kora kama kazi, na mwaka 2015 alifungua shule nchini Gambia ambako muziki husomwa pamoja na masomo mengine. Mwanamke mgeni mara nyingi huchukuliwa kama mgeni kwanza na mwanamke baadaye, hivyo hupewa nafasi ambayo binti wa nyumba hiyo hajapewa. Inafaa ajue hilo anapokaa karibu naye.

Nyimbo zilizojifunzwa ni za nani kisheria?

Shaka kuhusu wageni wenye mikataba ya kurekodi ni ya zamani. Mwaka 1973 mwanamuziki Mwingereza Paul McCartney alipokwenda Lagos kurekodi, Fela Kuti, mwanamuziki wa Nijeria, alimshuku hadharani kuwa amekuja kuiba muziki wa Waafrika, na McCartney ilimbidi amsikilizishe kanda zake ili athibitishe kwamba hakuna kilichochukuliwa. Mpigaji ngoma Mwingereza Ginger Baker, aliyevuka Sahara kwa gari mwaka 1971 na kukaa Lagos, alipokewa tofauti kwa kuwa alipiga pamoja na Fela katika bendi yake.

Ghana ndiyo iliyolichukua suala hili kisheria kwa uzito zaidi. Mwaka 1990 mwanamuziki Mmarekani Paul Simon alitumia muziki wa Yaa Amponsah, wimbo wa highlife (muziki wa dansi wa Ghana) uliorekodiwa London mwaka 1928 na Kumasi Trio. Mazungumzo kuhusu mirabaha yalichangia kuundwa kwa chombo cha kitaifa cha kusimamia mapokeo, na Sheria ya Hakimiliki ya 2005 inaweka haki za mapokeo ya jadi mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Wanamuziki wa Ghana wenyewe wameilalamikia, kwa kuwa nao hutakiwa kuomba ruhusa kutumia urithi wa babu zao. Mahali pengine ulinzi ni hafifu, na hapo makubaliano ya maandishi kati ya mgeni na mwalimu ndiyo yanayobaki: nani ameandikwa kama mtunzi, nani kama mpangaji, na mirabaha inagawanywaje. Neno "mapokeo" lililoandikwa kwenye jalada la albamu limewakosesha walimu wengi fungu lao, hasa pale mpangilio ulipokuwa wa mwalimu mwenyewe.

Je, ni kweli kwamba banjo na blues zilitoka huko?

Banjo ina asili ya Afrika Magharibi bila shaka, ingawa hakuna ala moja inayoweza kuitwa mama yake. Akonting ya Wajola wa Gambia na Casamance (kusini mwa Senegal), yenye kibuyu, mti mrefu na uzi mfupi wa kidole gumba, inafanana nayo kwa umbo na kwa namna ya kupiga. Béla Fleck, mpigaji banjo Mmarekani, alisafiri na banjo yake mwaka 2005 kupitia Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, na kule Gambia alikaa na wapigaji wa akonting. Tanzania alipiga na Anania Ngoliga, bingwa wa zeze na marimba. Kuhusu blues, Ali Farka Touré alishikilia kwamba Wamarekani walikuwa na majani na matawi ilhali yeye alikuwa na mizizi, na albamu aliyoitoa na Ry Cooder, mpigaji gitaa Mmarekani, mwaka 1994 iliwafanya wengi waamini hivyo. Ukweli una pande nyingi zaidi, kwa sababu Touré naye alisikiliza rekodi za Wamarekani tangu ujana wake.

Afya inahitaji maandalizi gani?

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, dawa za kuzuia malaria na chandarua. Wapigaji ngoma waache mikono ipone kabla ya kuendelea, kwani ngozi iliyopasuka huingia vijidudu upesi katika joto.

Ala inasafirishwaje hadi Ulaya au Marekani?

Djembe iliyowambwa ngozi ya mbuzi isiyotibiwa inaweza kuzuiwa forodhani, na Australia ni wakali kuliko wengi. Tahadhari hiyo ina sababu: mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta kilichotokana na ngozi ghafi kutoka Côte d'Ivoire. Ni salama zaidi kununua gogo lililochongwa tayari na kuwambia ngozi iliyotibiwa nyumbani. Kwa kora, nyuzi zilegezwe kabla ya kupanda ndege, kibuyu kizungushiwe nguo pande zote, na mhudumu wa shirika la ndege aulizwe mapema kama ala itakubaliwa ndani. Baadhi ya miti migumu inayotumika kwa shingo ya kora iko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo fundi aulizwe ametumia mti gani na stakabadhi yake itunzwe. Baridi kavu ya Ulaya hukaza ngozi na kupasua kibuyu. Chumba kiwe na unyevu wa kutosha, na kora isiachwe karibu na kipasha joto. Vigingi vya chuma kama vya gitaa, ambavyo mafundi wengi huviweka sasa badala ya pete za ngozi, humrahisishia mgeni kulinganisha sauti, na hakuna jeli makini atakayemcheka kwa kuvichagua.